Umemshika? Nimemshika

Saa ya watoto kutoka, geti la ile shule ya msingi nyuma ya kituo cha teksi hugeuka soko lisilouza kitu. Wazazi wanapigana vikumbo, wasichana wa kazi wanaita majina kwa sauti za kukauka, na wenye pikipiki wanapiga honi kana kwamba mtoto akipigiwa honi atafunga kamba za viatu upesi. Katikati ya vurugu hiyo alisimama mwalimu wa darasa la kwanza, gauni lake la bluu limepauka kiunoni pale alipozoea kujifuta chaki, na hakuwa na haraka hata kidogo. Kila aliyekuja kuchukua mtoto alimtazama usoni. Kisha aliushika mkono wa mtoto, akauweka ndani ya mkono wa mtu mzima, akauliza, "Umemshika?" Asipojibiwa "nimemshika", haachii. Wenye haraka zao walisema ana maringo.

Siku hiyo alifika fundi vioo, kijana mrefu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na plasta kwenye vidole viwili, maana vioo havina adabu. Dada yake, keshia wa supamaketi, alikuwa amebanwa kazini, naye alijitolea kumchukua mpwa wake bila kumwambia mtu. Mtoto huyo darasani walimwita Kifutio, kwa sababu kila kipindi kikiisha alikuwa wa kwanza kukimbilia ubao kuufuta. Alipomwona mjomba wake aliruka. Mwalimu akamzuia kwa mkanda wa begi.

"Wewe ni nani wake?"

"Mjomba wake. Muulize mwenyewe."

Kifutio alithibitisha kwa kelele. Mwalimu hakubadilika uso. "Ujomba sikukatalii," alisema, "ila mama yake hajaniambia. Simama pale ukutani kwanza."

Fundi alicheka akidhani anataniwa. Hakuwa anataniwa. Alisimama ukutani juani, kina mama wakimpitia na kumwangalia kama mwizi wa kuku, akipiga simu ya dada yake ambayo haikupokelewa. Geti lilipungua watu, likabaki na watatu: yeye, mwalimu, na Kifutio aliyekuwa anahesabu siafu. Hatimaye dada mtu akaipiga simu ya mwalimu mwenyewe. Mwalimu alisogea pembeni akasikiliza, kwa muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyohitaji, akitikisa kichwa pole pole. Aliporudi alimtazama fundi upya, kama mtu anayekariri sura, kisha akauweka mkono wa mtoto ndani ya ule wa fundi wenye plasta.

"Umemshika?"

"Nimemshika, Askari."

Hapo mwalimu akacheka. Alikuwa na mwanya, na fundi aliondoka nao huo mwanya kichwani mpaka nyumbani, akakosea kukata kioo cha mteja, akakata kingine, nacho akakikosea.

Tangu hapo alijitolea kumchukua Kifutio hata siku ambazo hakuombwa, mpaka dada yake akamuuliza kama ameacha vioo ameanza uyaya. Dirisha moja la darasa la kwanza lilikuwa limezibwa kwa boksi tangu mvua zilizopita. Jumamosi moja fundi akaja na kioo begani. Alimkuta mwalimu amekaa sakafuni, magoti yamejaa vipande vya karatasi za rangi, anakata herufi. Alifanya kazi yake taratibu makusudi, na kadiri alivyokuwa anapaka gundi ya dirisha, ndivyo alivyokuwa anasimuliwa kazi ya mwenzake, kiti kwa kiti. Huyu anakaa mbele kwa sababu haoni mbali na wazazi hawajagundua. Huyu anakuja hajala, kwa hiyo kwanza anatumwa ofisini kupeleka rejesta, na huko kuna uji. Yule ameacha kuongea tangu mama yake ajifungue, asilazimishwe, anakuja mwenyewe.

"Mimi nilidhani unafundisha a, e, i, o, u," fundi alisema.

"Hiyo inakuja yenyewe. Kwanza wanatakiwa kuamini kwamba mtu mzima akisema yuko hapa, yuko hapa."

Fundi alijifanya anafuta kioo ambacho kilikuwa kimeshatakata. Alikuwa amependa, na alijua.

Mapenzi yao yalikuwa ya simu za jioni na za kubishana. Askari, umekula? Nasahihisha. Sikukuuliza kama unasahihisha, nimeuliza kama umekula. Mjomba, na wewe umejikata wapi leo? Mwalimu alimwita Mjomba hata walipokuwa wawili tu, naye fundi akalizoea mpaka akaona hata jina alilopewa na wazazi wake halina utamu huo. Mwalimu alipochelewa kufika walipoahidiana, na alichelewa kila mara kwa sababu ya mtoto ambaye hajachukuliwa, fundi hakununa. Alisema amezoea kuwekwa ukutani.

Mama yake fundi alikuwa mgonjwa wa moyo, anahema kwa shida na kutania kwa wepesi. Alisema mwanamke aliyemweka mwanawe juani akatulia, huyo apelekwe nyumbani haraka kabla hajabadili mawazo. Mwalimu akaenda Jumapili, kavaa gauni la njano lisilo na chaki hata chembe, kajifunga kilemba, kaona haya kama bibi harusi. Mama alimkalisha kitandani kwake. Kifutio alikuwa amemfundisha bibi yake ule utaratibu wa getini, na bibi akautumia: aliuchukua mkono wa mwalimu, akauweka ndani ya mkono wa mwanawe, akakaza macho.

"Umemshika?"

"Nimemshika, mama."

"Haya. Usimwachie."

Walicheka wote, na mwalimu alilia kidogo, akasingizia kilemba kimembana.

Haukupita mwezi, mama akazidiwa asubuhi. Dada mtu aliondoka naye kwenye gari la wagonjwa bila kukumbuka hata chaja, na simu yake ikazima kabla ya mchana. Fundi alikuta madaktari wanaongea kwa sauti za chini. Mama alikuwa anafumbua macho na kusema neno moja tu, Kifutio. Alikuwa na mjukuu mmoja duniani. Fundi akapiga simu ya mwalimu ikaita mpaka ikakata; pale shuleni simu za walimu hubaki ofisini wakati wa vipindi, na hilo alilijua ila alilisahau. Yeye mwenyewe hangeweza kutoka, mkono wake ulikuwa umeng'ang'aniwa na mama. Dada yake akiwa kwenye foleni ya dawa, akamtuma fundi mwenzake wa dukani, mwenye pikipiki. Nenda, mwambie mwalimu mama anakata roho, akupe mtoto.

Fundi mwenzake alifika mlangoni pa darasa akitweta. Mwalimu alimfahamu, aliwahi kumwona dukani. Alimsikiliza mpaka mwisho, na uso ukamwisha damu. Alikimbia ofisini kumpigia mama wa mtoto, haipatikani. Alimpigia Mjomba, inatumika, maana naye alikuwa anawaita ndugu. Akapiga tena, na tena. Kifutio alikuwa ubaoni anafuta, anaimba.

"Simtoi," alimwambia yule kijana.

"Mwalimu, bibi yake anakufa."

"Nimesikia. Nitamleta mwenyewe."

Ila hakuweza kuondoka papo hapo. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa anaumwa, na mwalimu mkuu yuko kwenye mkutano wilayani. Madarasa mawili ya watoto wadogo yalikuwa mikononi mwake, naye hakuweza kuyaacha na mlinzi. Alisimama getini siku hiyo machozi yanamtiririka, akikabidhi mkono mmoja mmoja, umemshika, umemshika, na hakuna hata mmoja aliyemruka. Mtoto wa mwisho alipoondoka alimbeba Kifutio mgongoni akakimbia naye mpaka kwenye teksi.

Walipofika wodini, shuka lilikuwa limeshavutwa juu. Dada mtu alikuwa sakafuni. Fundi alisimama miguuni pa kitanda, na alipogeuka akafungua mdomo, hakumwita tena Askari.

"Umechelewa, mwalimu."

"Mjomba..."

"Alikuwa anaangalia mlango. Kila ukifunguliwa anaangalia. Nilimwambia yuko njiani, kumbe umemzuia kama furushi la mizigo. Ungempa tu. Unamjua yule kijana. Ungempa."

Mwalimu angeweza kusema. Alikuwa na neno moja ambalo lingemnyamazisha, na lilikuwa limemfika kooni. Alimtazama dada mtu pale chini, dada mtu akainamisha uso. Mwalimu akalimeza lile neno, akamshusha Kifutio, akautafuta mkono wa mama yake, akauliza kwa sauti isiyosikika kama amemshika. Kisha akatoka peke yake.

Msiba ulikwisha. Simu za jioni zikafa. Mwalimu alipiga mara kadhaa, haikupokelewa, akaacha. Kifutio sasa alichukuliwa na mama yake tu. Fundi alifanya kazi kama aliyelipwa kuvunja, alikosana na wateja, akakonda. Ukimuuliza angesema anamchukia yule mwanamke. Uongo. Alikuwa anampenda kama siku ile ya ukutani, na hilo ndilo lililomtesa.

Dada yake alivumilia mpaka akashindwa. Jumapili moja, wakiwa wanapanga nguo za marehemu kwenye sanduku, alianza kulia, na safari hii hakuwa analilia mama.

Alisema ndiye aliyemwomba mwalimu. Mwanzoni mwa mwaka, yule mume wake waliyeachana naye alimtishia kwamba atamchukua mtoto na hatamwona tena. Ni mtu wa maneno matamu, anapendwa na kila mtu, na rafiki yake mkubwa ni huyo huyo fundi wa dukani aliyetumwa na pikipiki. Kwa hiyo alimfuata mwalimu akamwomba asimtoe mtoto kwa yeyote, hata akisema ametumwa na nani, hata wakimwambia kuna kifo. Kifo hasa, maana hicho ndicho mtu hawezi kukikatalia. Siku ile ya kwanza kwenye simu alimruhusu kaka yake peke yake. Na alimwapiza mwalimu asimwambie mtu, kwa sababu mama alikuwa anamsifu yule mkwewe mpaka mwisho, na yeye hakutaka moyo wa mama upate mshtuko.

"Kwa nini hukusema wodini?"

"Ningesemaje mbele ya mama? Na yeye kwa nini hakusema? Alisimama pale ukamtukana, akanilindia siri yangu. Kaka, mimi simwangalii usoni pale getini. Nashika mwanangu naondoka."

Kesho yake fundi alikwenda. Alisubiri ukutani mpaka watu waishe, kisha wakaingia darasani, wakakaa kwenye vile viti vya watoto, magoti yamewafika kifuani. Kioo chake kilikuwa pale dirishani, na mtoto fulani alikuwa amekichora kwa kidole. Mwalimu alikuwa amepungua, gauni la bluu linamning'inia. Fundi aliomba radhi bila kujitetea. Alisema hajalala vizuri tangu siku ile, kwamba anamtaka kama zamani na kuliko zamani, na kwamba mama aliwaunganisha mikono, naye alikuwa mjinga akaachia. Akamwomba waoane.

Mwalimu aliushika mkono wake akaugeuza, akatazama makovu mapya.

"Mimi sijaacha kukupenda hata siku moja," alisema. "Nakuuliza kitu kimoja, nijibu kweli. Siku ile ikirudi, mama yako yuko pale, anamsubiri mtoto, na yule kijana yuko mlangoni kwangu. Nitafanya vilevile. Ningelia, lakini nisingempa. Utaweza kuishi na mimi?"

Fundi alifungua mdomo kusema ndiyo. Aliitaka sana ile ndiyo. Alijua mwenzake alikuwa na haki, alijua kila sababu, dada yake alimweleza. Lakini mbele ya macho yake kulikuwa na mlango wa wodi unaofunguliwa, na mama anageuza kichwa, na anayeingia ni muuguzi. Alikaa kimya. Nje mlinzi alikuwa anafagia, akafagia mpaka akamaliza, na fundi bado alikuwa kimya.

"Basi," mwalimu alisema taratibu. "Usilie, mpenzi wangu. Umenijibu."

"Nipe muda."

"Muda nitakupa. Ila usije kunioa huku unanisamehe. Kila nikichelewa kurudi nyumbani, utakuwa unaangalia mlango."

Aliinama akambusu kwenye kidole chenye plasta, kisha akaenda kufuta ubao, ingawa Kifutio alikuwa ameshaufuta.

Fundi aliutumia huo muda wote. Kuna jioni alizoshika simu akitaka kusema ndiyo, na kila mara alijisikiliza akagundua kwamba bado si kweli, na alimheshimu mno kumdanganya. Mwalimu naye hakupiga. Alikuwa na herufi za kukata, uji, wasioona mbali na wasioongea. Yule aliyekuwa kimya alianza kuongea muhula huo, na hakukuwa na mtu wa kumpigia jioni kumwambia.

Siku ya kufunga mwaka dada mtu alikuwa kazini, akamwomba kaka yake. Baada ya likizo Kifutio angeingia darasa la pili, kwa mwalimu mwingine na mlango mwingine. Geti lilikuwa limefurika, watoto wamevaa nguo za sikukuu, honi zinalia kama kawaida. Fundi alipanga foleni kama watu wengine. Alipofika mbele, mwalimu alimtazama usoni, kwa utaratibu ule ule, kama mtu anayekariri sura ambayo hataiona tena karibu hivyo. Gauni lilikuwa la njano.

Aliuchukua mkono wa Kifutio akauweka ndani ya mkono wa fundi. Wa kwake haukutoka, ukabaki juu, mikono mitatu pamoja, na wa mtoto katikati unatoka jasho.

"Umemshika?"

Nyuma yao mtu alipiga honi. Kifutio aliwatazama wote wawili, akaona wanalia, akashangaa.

"Nimemshika," fundi alisema.

Mwalimu akaachia. Alijifuta mkono kiunoni, kwenye gauni la njano, kisha akamgeukia mama aliyefuata, akamtazama usoni.