Folda ya Mwuza Mawigi

Wifi yangu, namaanisha dada wa mume wangu, si ile ya intaneti, alikuwa akitunza tovuti za watu. Kazi aliifanyia mezani kwetu sebuleni. Anaandika amri kwenye skrini nyeusi, na kompyuta iliyo mbali huko, asiyoijua hata rangi yake, inamtii. Hamisha faili, inahamisha. Futa, inafuta.

Asubuhi moja, saa nne, mimi nachambua mchele, akapata malalamiko ya mteja wake, mama mmoja mwuza mawigi. Tovuti imejaa, haipokei picha mpya. Wifi akaingia kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayohifadhi tovuti, akaorodhesha mafaili, akakuta folda iliyofichwa. Ndani mlikuwa na picha moja tu, nzito kuliko tovuti nzima. Penye jina la mwenye faili hapakuwa na kitu.

Akaipakua tuione.

Kinywa. Kimepigwa picha kwa karibu mno, uso huuoni. Ulimi umeota utando wa njano, ufizi umevimba usaha, na katikati ya meno zimechomoza nywele, zimelowa mate. Nikasukuma sinia la mchele pembeni.

"Watu wana uchafu," wifi akasema, akaifuta kule kwenye seva.

Akaorodhesha tena. Ipo. Imezidi uzito.

Akafuta folda nzima. Safari hii ikaondoka. Akashusha pumzi, akanywa chai yake, akaitema. Alidai inanuka nyama iliyovunda. Niliinusa, ilikuwa chai tu. Harufu ilitoka kinywani mwake.

Akaingiza vidole, akanasa kitu kati ya magego. Unywele. Akavuta. Ukaja, ukaja, mweusi, umegandwa na ute, ukafika kiwiko. Haukwisha. Nikamsaidia kuvuta. Ulikuwa wa moto. Na kila nilipovuta, niliuhisi ukivutwa kutoka ndani, taratibu, kama kuna mtu ameshika upande wa pili. Nikatapika miguuni pangu.

Simu yake ikaita. Mwuza mawigi. Nikapokea mimi. Hakunisalimu.

"Mmemtoa?" alinong'ona. "Mrudisheni. Hajamaliza kula."

Nikamwuliza ni nani huyo. Akakata. Nikamweleza wifi alichosema.

Wifi hakuweza kusema tena, kinywa kilikuwa kimejaa. Lakini mikono ilijua kazi yake. Nakala tuliyoipakua ilikuwa bado kwenye kompyuta. Akaandika amri ya kuunda folda upya, herufi kwa herufi, mate yakidondokea vitufe. Kisha amri ya kupakia. Asilimia kumi. Arobaini. Midomo ikawa ya kijivu. Tisini.

Mia.

Unywele ukanichomoka mkononi. Ukarudi ndani wote. Niliona koo lake likipanda na kushuka, likiumeza.

Siku ileile alimwandikia yule mama kwamba atafute fundi mwingine. Hakujibiwa. Akawa anapiga mswaki mpaka anatema damu, na mezani alikula akigeukia ukutani, kwa kuwa alijua siwezi kumtazama akitafuna. Ni kweli, sikuweza.

Wiki ya pili nikampeleka kwa daktari wa meno. Daktari alimulika muda mrefu, kisha akauliza ni mwenzake gani aliyemshona ufizi kwa ustadi ule. Mshono, alisema, ulipona miaka mingi iliyopita, ila uzi wake, mweusi kama unywele, umesahaulika ndani.

Wifi hajawahi kushonwa. Hata jino hajawahi kung'olewa.