Mpini wa Kushoto

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 23 Oktoba 1997, saa saba mchana. Nilikuwa kibarazani kwetu Buzebazeba nachambua maharage, huku nikimngoja Spesiosa apite na beseni lake tupu la dagaa, kama alivyopita kila mchana. Hakupita. Kivuli cha paa kilisogea hadi miguuni pangu, na njia ikabaki nyeupe, haina mtu. Nikaendelea na maharage yangu. Sikujua kwamba saa ile ndiyo iliyonichukulia mwanangu.

Mwanangu aliitwa Leodgar. Alikuwa fundi wa injini za boti na mashine za kukamulia mawese. Banda lake la kazi lilikuwa nyuma ya nyumba, la matofali, lenye mlango mmoja mzito unaofunguka kwa ndani. Miaka yote alichonga vyuma kwa tupa na jasho. Akawa anatamani mashine ndogo ya kuchonga chuma, ile ambayo chuma kinabanwa mezani kwa jiliwa, kisu kinazunguka juu yake, na fundi anaisogeza meza kwa magurudumu mawili ya mkono, moja kushoto na moja kulia, kila moja na mpini wake.

Ya kwanza aliiona kwa Bonifasi, muuza vyuma vikuukuu wa mjini Kigoma. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani inayong'aa hata mimi nikaipenda. Leodgar hakujali rangi. Aliishika meza kwa mikono miwili, akaitikisa, ikacheza kama jino la mtoto. Akazungusha gurudumu, likaenda karibu nusu mzunguko ndipo meza ikashtuka.

"Hii imezeeka, mmeipeleka saluni," akasema.

Bonifasi akacheka, akamwambia hata bibi kizee akipambwa huolewa.

Ya pili ilikuwa Katonga, nyumbani kwa mama mmoja Mrundi aliyekaa hapa miaka mingi. Alikuwa amempokea mpwa wake, Spesiosa, aliyekimbia vita mwaka uliotangulia. Nilifuatana na mwanangu kwa sababu mwanamume haingii peke yake kwa mjane. Tulimkuta mwanamke mwembamba, bado kijana, mwenye sauti ya chini. Mashine ilikuwa pembeni ya chumba, imefunikwa kitenge cheusi kama mtu aliyelala.

Spesiosa alitueleza yote, hakuficha. Mumewe, Ndikumana, alikuwa fundi Rumonge. Siku ya kukimbia aliacha magodoro na vyungu, akapakia mashine botini. Walipofika ufukwe wa Katonga, wavuvi walikuja kumsaidia kuishusha. Akakataa. Hakutaka mkono wa mtu mwingine uiguse. Akaishusha kwa kamba peke yake, kamba ikateleza, mashine ikamlalia kifuani.

"Alikufa ameshika mpini," alisema Spesiosa. "Tulimfungua vidole kimoja kimoja."

Leodgar aliomba radhi, kisha akaijaribu. Meza haikucheza hata kidogo. Aligusa gurudumu la kulia, na meza ikasogea papo hapo. Aliinamisha sikio, akazungusha kisu kwa mkono, akasikiliza, akatabasamu kama alivyotabasamu siku ya Komunyo yake ya kwanza. Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Chuma chote kilikuwa cheusi kwa mafuta ya zamani, na mpini wa kulia ulikuwa na kutu. Ule wa kushoto ulikuwa unang'aa kama kijiko kipya.

"Alitumia mkono wa kushoto," Spesiosa aliniambia alipoona macho yangu. "Alikuwa na wivu wa vitu viwili tu, mama. Mimi, na hiyo." Akacheka kidogo. "Mimi angalau aliniruhusu kwenda sokoni."

Nilipouliza mume alikufa lini, nikahesabu moyoni miezi iliyopita, ndipo nikaogopa. Kwetu Waha na kwao Warundi mambo haya yanafanana. Mtu akifa, vifaa vyake vya kazi hulala. Jembe lake halilimi, panga lake halikati, mpaka ndugu wakusanyike kumaliza msiba, na mkubwa wa ukoo achukue kifaa kile kwanza kwa mkono wake. Mkubwa wa Ndikumana ni kaka yake, Habonimana, na huyo aliachwa Burundi, hakuna aliyejua kama yu hai. Msiba ulikuwa haujamalizwa. Mashine ilikuwa bado ya mwenyewe.

Spesiosa alisema anauza kwa sababu ya njaa, na Mungu atamsamehe. Aliomba jambo moja tu. Awe anapita kila mchana kumsalimu mumewe pale kwenye mashine, mpaka shemeji apatikane. Leodgar akakubali. Jioni ile ile alimsimulia mke wake, Frida, neno kwa neno, mbele yangu.

Frida alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ana umri gani huyo mjane?"

Leodgar alimwaga zege bandani, akasimamisha bolti nne ndani yake, akaacha likauke vizuri. Wanaume wa mtaa wakaileta mashine kwa miti mabegani. Akaiketisha, akaweka pima maji juu ya meza, akachomeka vipande vya bati chini ya miguu mpaka kile kiputo cha hewa kikasimama katikati. Akakaza nati. Chuma kikikaa upande, alinieleza, kila unachochonga kitatoka upande.

Asubuhi kiputo kilikuwa kimesogea.

Akalegeza nati, akaongeza bati, akakaza. Kesho yake kimesogea tena. Zege halikuwa na ufa. Alirudia mpaka akachoka. Mchana huo Spesiosa akaja kwa mara ya kwanza. Aliacha beseni nje, akavua ndala, akaweka kiganja juu ya mpini wa kushoto. "Ni jewe," alisema kwa Kirundi, yaani ni mimi. Hakusema neno lingine. Nilikuwa nimesimama karibu na pima maji. Kiputo kilitembea chenyewe, polepole, kikasimama katikati.

Tangu siku hiyo mashine ilifanya kazi kama saa. Leodgar alitumia mpini wa kulia peke yake, wa kushoto hakuugusa, na kutu ya mpini wa kulia ikaanza kuisha. Watu wa boti walitoka mpaka Kasingirima kuleta shafti zao. Mimi nilimwita katekista Feliksi, akanyunyiza maji ya baraka, tukasali. Niliona Mungu ametuvumilia.

Lakini Frida hakulala. Alikuwa mwanamke mzuri, mchapakazi, na alimpenda mwanangu, sitamsema vibaya. Wivu ulimwingia kama kutu, mahali pasipoonekana kwanza. Alianza kufagia karibu na banda kila saa saba. Alimhesabia Spesiosa muda aliokaa ndani. Alinusa mashati. Majirani nao walimchochea. Melania wa nyumba ya pili alikuwa akimwona Spesiosa kwa mbali, anamwita Frida juu ya ua, "Mama Niko, mke mwenzio huyo anakuja, weka maji ya kuoga." Wenzake wanacheka. Frida hakucheka.

Alimwambia mumewe amkataze yule mwanamke. Leodgar akamjibu kwamba aliahidi. Akamkumbusha habari ya kiputo, akamtaka aje aone mwenyewe. Frida akasema kila mwanamume ana hadithi yake, ila hii ya kusalimia chuma hajawahi kuisikia.

Majuma yale serikali ilikuwa inawakusanya wakimbizi wote wanaoishi nje ya kambi. Malori yalipita mitaani. Spesiosa alikuwa hajulikani, maana alikaa kwa shangazi yake kama mtoto wa nyumbani. Mtu alikwenda akaonyesha mlango. Asubuhi ya Alhamisi ile wakampakia na beseni lake, wakampeleka kambini upande wa Kasulu.

Habari tulizipata jioni. Leodgar akamgeukia mkewe.

"Nimesema kweli tu," alisema Frida. "Ni mkimbizi, na wakimbizi wana kambi yao."

Leodgar akachukua taa, akaenda bandani, nami nikamfuata. Kiputo kilikuwa kimekwenda mpaka mwisho wa kioo.

Ijumaa mchana umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Tulikuwa tunakula. Tukasikia bandani sauti ya meza ya mashine ikisogea. Tulikwenda sote watatu, tukasimama mlangoni. Gurudumu la kushoto lilikuwa linazunguka. Polepole. Meza ikafika mwisho upande mmoja, ikatulia, kisha ikaanza kurudi. Kama mtu anayepitisha muda huku akimngoja mwenzake.

"Anamtafuta mkewe," nilinong'ona.

Leodgar alisema atakwenda Kasulu, aombe ruhusa, amlete Spesiosa hata kwa siku moja. Frida aliliona gurudumu lile kwa macho yake mwenyewe. Hata hivyo wivu ulikuwa na nguvu kuliko hofu.

"Nenda," alisema. "Ukimfuata, usirudi."

Mwanangu hakwenda. Jumamosi nzima alikaa ameshika kichwa.

Jumapili nilikuwa kanisani. Haya mengine nimeyapata kwa Frida mwenyewe, na ameyarudia mara nyingi bila kubadilisha neno. Alikuwa jikoni. Akamsikia mumewe bandani anaongea, sauti ya chini, ya kubembeleza. Akasogea. Mlango umefungwa. Akaweka sikio kwenye ubao.

"Hayupo," alikuwa anasema Leodgar. "Sikumficha. Hayupo hapa."

Maneno yale Frida hakuyatia maanani. Alisikia ile sauti tu. Sauti ya mwanamume anayembembeleza mtu. Akaona Spesiosa ametoroka kambini, amerudi, yumo ndani. Akapiga mlango kwa ngumi.

"Mfungulie nimwone!"

Kisha mumewe akamjibu. Alikuwa karibu sana. Alikuwa nyuma ya ubao ule ule.

"Frida. Ondoka hapo."

Frida akasukuma. Mlango haukuingia. Akasukuma kwa bega. Kulikuwa na kitu kizito upande wa pili. Akasikia pumzi. Pumzi za watu wawili. Moja ikakatika.

Nilipotoka misani nilikuta watu wamejaa uani. Wanaume walibomoa matofali ya ukuta ili waingie. Leodgar alikuwa amesimama. Hakuweza kuanguka, maana mashine ilikuwa imembana mlangoni, kifua kwa chuma, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika mpini wa kulia.

Zege lilikuwa pale pale katikati ya banda. Bolti nne zilikuwa zimesimama ndani yake, zimenyooka. Nati zote zilikuwa juu yake, zimekazwa. Miguu ya mashine haikuvunjika, na matundu yake yalikuwa mazima. Sakafuni kulikuwa na vumbi la chuma la wiki nzima, na juu ya vumbi hilo hapakuwa na alama ya kitu kilichoburutwa. Palikuwa na nyayo za mwanangu tu, zikirudi nyuma.

Polisi walikuja, wakaangalia zile nati, mmoja akazijaribu kwa spana, zikakataa. Wakaandika kwamba ni ajali.

Baada ya matanga nilikwenda kambini Kasulu kwa basi. Nilimkuta Spesiosa kwenye kibanda cha turubai, ana habari tayari. Tulilia wote. Hakuniuliza alivyokufa. Aliniuliza kitu kimoja.

"Mama, bado unang'aa, ule wa kushoto?"

"Mwanangu," nikamwambia, "sasa inang'aa yote miwili."

Akajifunika mdomo kwa kitenge. Alisema akipewa ruhusa atakuja. Hakupewa, na mwaka uliofuata wakaniambia homa imemchukua. Habonimana hajaonekana mpaka leo.

Mashine hatukuiuza. Hakuna aliyekubali hata kuisukuma, mpaka Feliksi na wanakwaya walipoirudisha pembeni kwa mitaimbo, huku wakiimba. Bolti na nati zake zipo bado kwenye zege. Upepo wa ziwa unakula chuma, nanyi mnaujua. Meza imekuwa nyekundu, jiliwa limeganda, mota imejaa vumbi. Ila mipini miwili ni myeupe. Hatuifuti. Nimeigusa asubuhi, kabla jua halijaingia. Ina joto la kiganja.

Frida hajaolewa tena. Kila saa saba mchana anaacha anachofanya, anavua ndala, anaingia, anaweka mkono kwenye mpini wa kulia. "Ni mimi, baba Niko," anasema. Kisha anavuka upande wa pili, na ule wa kushoto anausalimu kwa Kirundi, kwa jina la mwanamke mwingine, yeye ambaye zamani hakutaka hata kulisikia jina hilo nyumbani mwake. Mimi naangalia pima maji. Kiputo kinarudi katikati, kinasimama.

Mwezi huu Frida ameanza kukohoa. Jana hakuweza kuinuka, nikaenda badala yake. Nilisema maneno yote mawili kama yanavyosemwa. Kiputo hakikusogea.

Ee Bwana, Baba wa waliokufa nyumbani na waliokufa ugenini, mkumbuke mtumishi wako Leodgar, umkumbuke na Ndikumana ambaye msiba wake hatukuweza kuumaliza, na Spesiosa aliyelala mbali na wote. Wape kila mmoja mahali pake kwako, pawe papana, wasigombee. Uwafungue vidole. Uwalaze. Amina.