Siku Mkwe Wangu Alipokuja Kunitahini

Wewe unayesoma hapa, ushawahi kujificha chini ya meza ukiwa na miaka sitini na sita, na mtihani wako uko juu ya meza hiyo hiyo?

Mimi nilijificha.

Na nikiwa huko chini, magoti kwenye simiti, nikasikia msichana niliyemgawia chakula changu cha muthokoi mwaka mzima akisema, darasa lote lisikie:

"Mwalimu, Susu ako na mwakenya. Ameficha kwa leso."

Mwakenya mnaijua. Kile kikaratasi cha kuibia mtihani. Ukipatikana nacho, unafutwa, unaenda nyumbani.

Nikaona viatu vya mtahini vikigeuka. Vyeusi, vimepigwa rangi vizuri, kamba ya kushoto imefungwa mara mbili. Vikaanza kuja...

Ngoja niwaeleze tulivyofika hapo.

Jina langu ni Kalekye. Shule niliachia darasa la saba. Mwaka jana nikajiandikisha kozi ya ushonaji ya watu wazima, chuo cha ufundi hapa Mbooni. Tuna cherehani tisa, na yangu ni ile ya dirishani, ambayo pedali yake inalia kama kifaranga. Vijana wananiita Susu, yaani nyanya, na mimi naitika.

Sasa chuo kilikuwa kinafungua darasa la Jumamosi la akina mama, kikataka mwalimu msaidizi mmoja. Sharti, awe amepita mtihani wa vitendo. Tulioomba tulikuwa wawili tu. Mimi, na huyo Nzilani wa cherehani ya jirani, miaka ishirini na miwili.

Hiyo kazi niliitaka mpaka nikawa naota nimeshika chaki.

Siku ya mtihani, saa tatu asubuhi, tukiwa tumeshakata kitambaa cha gauni la mtoto, mlango ukafunguka. Watahini wawili. Wa kwanza mama wa makamo, Madam Wavinya.

Wa pili...

Wa pili alikuwa Ridwan. Mume wa binti yangu Mutanu.

Wakamba wenzangu mshanielewa. Wengine niwaeleze: kwetu kuna nthoni. Mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni, hawashikani mkono, hawaitani majina. Si chuki. Ndiyo heshima kubwa tuliyo nayo. Vijana wengi wameiacha, sisi wa zamani bado.

Ridwan alizaliwa Garissa na anafundisha ushonaji Mwingi. Miaka tisa tangu amwoe Mutanu, akiingia kwangu mimi natokea mlango wa jikoni. Akinyoosha mkono, wangu nauficha ndani ya leso. Kwamba ndiye atatumwa kutusahihisha, sikujua. Na yeye hakujua ninasoma, kwa maana nilimkataza Mutanu asimwambie mtu mpaka nipite.

Ndiyo nikajifunika leso, nikaingia chini ya meza.

Viatu vikasimama mbele ya pua yangu.

"Mama, toka tafadhali."

Nikajivuta nyuma zaidi.

"Usipotoka nitaandika umekataa kukaguliwa."

"Si nilisema?" Nzilani akadakia. "Kama hana kitu, anaficha nini?"

"Labda anatafuta sindano," kijana mmoja wa nyuma akasema, wakacheka.

Nikitoka, nimemkosea mkwe heshima. Nisipotoka, mwaka mzima umeenda. Nikatoka kinyumenyume, mgongo kwake, leso imefunika mpaka pua.

"Kuna karatasi humo ndani?"

Nikatikisa kichwa.

"Sema kwa mdomo."

Sauti yangu angeitambua. Nikatikisa tena.

Nzilani akanyoosha mkono, akaivuta leso. Ikatoka yote pamoja na pini.

Hakukuwa na karatasi. Kulikuwa na mvi zangu, na uso wangu, na Ridwan akiutazama.

"Ni wewe," akasema polepole.

Nikajua nimekwisha. Mtu ambaye sijampa mkono miaka tisa, leo ndiye ameshika kalamu.

Akafunga faili lake. Akamgeukia mwenzake.

"Madam, huyu ni mama ya mke wangu. Sifai kumsahihisha. Mchukue wewe. Na uandike kwamba amekaguliwa, hakuwa na kitu."

"Na muda aliopoteza?"

"Muda hauongezwi."

Akatoka nje.

"Basi Susu," Madam Wavinya akasema, "zimebaki dakika arobaini."

Nikashona... Kola ikaenda upande, nikaifumua, nikaishona upya. Madam akiniuliza swali, najibu bila kuinua mguu kwenye pedali. Kifungo cha mwisho nilikifunga uzi zikiwa zimebaki dakika mbili.

Aligeuza gauni ndani nje, akapima pindo kwa tepe mara tatu.

"Umepita, tena umemshinda mwenzako. Na hao akina mama wa Jumamosi, naambiwa ni wako."

Nzilani hakuniangalia, na mimi sikumtafuta.

Nje nikamkuta Ridwan kando ya tangi la maji. Nikataka kuzunguka nyuma ya jengo, kama kawaida yangu. Akaniwahi kwa maneno.

"Mama, kabla sijarudi Mwingi. Ni kwa sababu mimi ni Mwislamu?"

"Nini?"

"Unavyonichukia. Mkono wangu unaukataa mbele ya watoto wangu. Nikimwuliza Mutanu, ananiambia ni mambo ya wazee, nizoee."

Nikageuka, nikarudi pale tangini.

Mnaona, wasomaji wangu? Mimi namheshimu kwa nguvu zangu zote, yeye anapokea matusi. Na bado, akiamini namchukia, alikataa kuniangusha. Ukimkaribisha mtu wa mila nyingine nyumbani kwako, keti naye umweleze mila yako. Usimwache abahatishe.

Nikamweleza nthoni yote, pale pale. Alisikiliza ameinamisha kichwa.

Kisha nikainua uso. Kumbe macho ya mjukuu wangu mkubwa ni yake.

"Ridwan," nikasema, mara ya kwanza kulitamka jina hilo. "Mutanu alipougua, ulikaa naye hospitali siku kumi na mbili. Tangu siku hiyo nilitaka kukwambia asante. Asante, mwanangu."