Mkono Uliokunja Vidole

Mwanzoni jambo lenyewe lilichekesha. Kwenye kiwanda cha glovu cha mji wa Ipoh, mikono ya kauri, kalibu za glovu, hupita kwenye mnyororo kutwa nzima, maelfu, vidole juu, ikizamishwa ndani ya utomvu wa mpira. Asubuhi ile mmoja ulipita umekunja vidole.

"Huo umechoka kusalimia watu," Zaleha akasema. Laini nzima ikacheka.

Kufika saa sita hakuna aliyecheka. Uvundo wa maua yaliyooza ulishinda hata amonia. Norizan akapiga yowe, akaanguka, na wenzake kumi na mmoja wakamfuata, macho yamegeuka meupe.

Wakubwa wakafanya kama kila mwaka: wakamwita mganga, mzee Deraman, na mbuzi. Kiwanda kisichokuwa na hela ya feni hakijawahi kukosa hela ya mbuzi.

Deraman akachoma ubani, akatandaza wali wa manjano juu ya mashine, akapita nyuma ya wafanyakazi mmoja mmoja. Kwa Zaleha akasimama. Mfukoni mwa aproni yake kulilia kra-kra, karatasi ya vidonge.

"Unameza nini, binti?"

"Dawa za sonona, mzee. Nimeandikiwa hospitali. Mwaka wa pili huu, sijakosa kazi hata siku moja."

"Basi roho yako ina mlango wazi. Jini limeingilia hapo."

"Mbona sijaanguka mimi? Wameanguka wao!"

"Ndiyo ujanja wake."

Afisa utumishi, Bwana Baharom, tayari alikuwa na barua.

"Saini, dada. Unaacha kazi kwa hiari."

"Hiari ya nani? Nina watoto wawili, Bwana!"

"Usinichoshe. Ukikataa naandika una wazimu. Nani atakuajiri Ipoh hii?"

Zaleha akasaini. Alipokwenda kulalamika, Idara ya Kazi wakaisoma barua, wakaona neno hiari, wakampa pole na glasi ya maji.

Siku ya tatu, mchana kweupe, Baharom alishuka kukagua laini huku akipiga mluzi, na ndipo uvundo wa maua ulipompanda puani, mnyororo ukapunguza mwendo bila kuguswa na mtu, na mkono uleule ukaibuka kutoka kwenye utomvu, unachuruzika, na sasa akaona vile vidole vimekunjwaje, vimekunjwa kama vya mtu aliyeshika kalamu, na nyuma yake ukaja wa pili, wa kumi, wa mia, yote imekunja vivyo hivyo, yote ikimgeukia yeye.

Deraman akaletwa mbio.

"Nyamazeni," akanong'ona. "Nisikilize nani mwingine kabeba vidonge."

Baharom akabana mfuko wa suruali kwa nguvu zote. Miaka sita alikuwa akivimeza vyake chooni, mlango kaufunga kwa komeo.

Kra-kra.

Wote wakasikia. Norizan akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, kwa heshima zote:

"Bwana Baharom, ile barua ya hiari... nakala ulibakiza?"