Vipunje Kwenye Vanishi

Kila siku akitoka shuleni, Dorine alivua sare, akala, kisha akaenda uani kumsaidia mama yake. Mama Honorata alikuwa fundi rangi, na uani kwao Lizaboni hapakukosa kitanda au kabati linalongoja vanishi. Wiki hiyo palikuwa na boti ya mbao. Ndiyo, boti, hapa Songea! Majirani walitania hadi wakachoka, wakiuliza kama itaelea kwenye beseni. Boti ilikuwa ya zahanati moja kando ya Ziwa Nyasa, ya kubebea wagonjwa, na lori lingekuja kuichukua Jumamosi jioni.

Kazi ya Dorine ilikuwa brashi. Kila mama alipomaliza kupaka, Dorine aliisuuza kwa mafuta ya taa, akaiosha kwa sabuni, akaichana kwa kitana kikuukuu, akaitundika. Lakini Ijumaa jioni alikuwa amechelewa mazoezi ya kwaya. Akaisuuza kwa maji matupu, kama brashi ya chokaa, akakimbia. Vanishi na maji wapi na wapi!

Asubuhi brashi ilikuwa ngumu kama mwiko. Dorine aliiloweka kwenye thina, dawa ya kuyeyushia vanishi, hadi ncha zikalainika, akaitundika mahali pake. Kwa nje ilipendeza, ila kwenye mashina ya nywele zake vanishi ilikuwa bado imeganda. Hakumwambia mama.

Mama akaanza kupaka tabaka la mwisho. Kabla hajamaliza ubavu mmoja, vipunje vigumu vilijaa juu ya mbao.

"Fulgence kaniuzia vanishi mbovu!" mama alifoka. "Beba hilo kopo, twende dukani kwake Majengo."

Njia nzima Dorine alitaka kusema, akashindwa. Aliogopa.

Dukani kulikuwa na wateja wengi. "Shikamoo," Dorine alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu," Fulgence mwenye duka alijibu.

Mama hakungoja salamu. "Bwana Fulgence, miaka yote nanunua kwako. Leo umeniuzia uchafu!"

Fulgence alichungulia kopo. "Hajalalamika mtu bado, mama. Ila wewe ni fundi, siwezi kukubishia. Chukua kopo jingine, hasara ni yangu."

Mteja mmoja aliyeshika kopo la aina hiyohiyo alilirudisha rafuni, akatoka. Dorine alimwona Fulgence akimtazama yule mteja akienda zake. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Mama, vanishi ni nzima," alisema. "Ni brashi. Niliisuuza kwa maji, ikaganda. Nikaficha."

Mama alimtazama, kisha akamgeukia Fulgence. "Nimekukosea, baba. Nimekuchafulia jina mbele za watu. Naomba unisamehe."

Dorine alilia. Afadhali angechapwa kuliko kumsikia mama akiomba radhi kwa kosa lisilo lake.

"Yamekwisha, mama," Fulgence alisema. "Mtoto kasema mwenyewe."

Walinunua brashi mpya, wakarudi. Walifuta ule ubavu kwa kitambaa chenye thina, wakachuja vanishi iliyobaki. Mbao zilipaswa kukauka, zipigwe msasa, ndipo zipakwe upya. Mama alimpigia simu Sista Judica wa zahanati.

"Sista, boti itachelewa hadi Jumatatu. Kosa ni letu."

Sauti ya Sista ilisikika wazi simuni. "Kuna mgonjwa tulitaka kumchukua kwa boti kesho. Basi, tutambeba kwa machela."

Dorine aliyasikia yote.

Jumapili baada ya misa walipiga msasa, kisha mama akapaka. Safari hii mbao zilitoka laini, ziking'aa. Mama akamkabidhi Dorine brashi mpya, akaketi kando yake. Dorine aliisuuza kwa mafuta ya taa, akaiosha, akaichana tangu kwenye mashina hadi povu likatoka jeupe.

"Mama, umenikasirikia bado?"

"Nilikasirika sana," mama alisema. "Lakini si kwa sababu ya brashi. Ungeniambia jana asubuhi, ningenunua nyingine na boti ingeondoka jioni ileile. Kosa lako lilikuwa dogo, la hapa uani. Ulipolificha likafika Majengo kwa mtu asiye na hatia, likafika ziwani kwa mgonjwa. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kosa likiwa bado dogo."