Mgongo wa Farasi wa Kijivu

Mikono ya Sólborg ilikuwa ndani ya pipa la manyoya ya kondoo, maji ya moto yakimuunguza hadi viwikoni, Bóthildur wa shamba la jirani alipotokea akihema.

"We Sólborg, farasi wa kijivu mmempata lini? Mmetajirika kimya kimya?"

"Farasi gani? Kwangu kuna yule mwekundu tu, naye anachechemea."

"Basi wanao kule ziwani wamempanda wa nani? Wamekaa wote wanne, na mgongoni bado kuna nafasi." Bóthildur alishusha sauti. "Mwenzangu, kwato zake zinatazama nyuma."

Sólborg alikuwa hajakaa chini tangu alfajiri. Alikimbia hivyo hivyo, mikono ikichuruzika. Jua la kiangazi lilikuwa bado juu, ila ziwani ukungu ulikuwa umeshuka, unanuka tope la chini kabisa, na ndani yake aliwasikia wanawe wakicheka, kisha akamsikia mmoja tu akicheka, kisha maji yakigawanyika taratibu kama mtu mzito anayeingia bila haraka, akauona mgongo wa kijivu ukirefuka na kurefuka, akajua ni yule farasi wa majini azamishaye watoto, akalitaja kwa nguvu zote jina la kiumbe huyo, ambalo hastahimili kulisikia:

"Nykur!"

Kishindo. Maji yakamrukia usoni. Farasi hakuwepo tena.

Watoto walikuwa wanalia kwenye matete. Akawahesabu kwa kuwagusa vichwa: mmoja, wawili, watatu.

"Ketill!" akamwita mdogo wao.

"Nipo, mama," sauti ikaitika kutoka majini, naye akatoka amelowa chepechepe. Wanne. Sólborg hakuangalia zaidi. Alikuwa amechoka.

Jioni alimpakulia kila mtoto maziwa ya mgando kwenye bakuli lake la mbao. Hallfríður, binti mkubwa, hakugusa lake.

"Mama," alinong'ona, "Ketill alikaa nyuma kabisa. Nilimwona akizama na yule farasi."

"Kula."

"Mama, angalia chini ya benchi."

Akaangalia. Miguu minane. Miwili ilikuwa imetanguliza visigino.

Mumewe akaingia, akavua buti mlangoni. "Wapo wote?"

Jina lilikuwa tayari mdomoni mwa Sólborg. Akilitaja, kitu kile kitarudi ziwani, na yeye atabaki na watatu.

"Wote," alisema.

Bakuli la Ketill lilikuwa limeshakuwa tupu. Akalijaza tena.