Wembe wa Matanga

Nywele zilizobaki kwenye povu hazikuwa za Manase Ntandu. Abdulhamidi bin Sefu, kinyozi wa Majengo mjini Singida, alizitazama kwenye kitambaa cheupe alichofutia wembe, akasogea mlangoni penye mwanga, akazitazama tena. Ndevu za Manase zilikuwa nyeusi na ngumu kama mabua ya mtama. Zile za kwenye kitambaa zilikuwa laini, nyekundu-nyekundu, zimejikunja kama nywele za mtoto anayeanza kusimama dede.

"Vipi, mzee?" Manase aliuliza, kidevu juu. "Umenikata?"

"Hata tone. Tulia."

Akakikunja kitambaa, akajiambia kuwa ni macho, umri umeingia.

Wembe wenyewe aliuleta Manase huyo huyo. Alikuwa mkulima wa Issuna, na mwaka ule, biashara zilipofunguliwa na alizeti zikapata wanunuzi wa kugombania, alibomoa tembe la ukoo wao ili ajenge nyumba ya bati. Ndani ya udongo wa ukuta, juu ya mlango, jembe liligonga chuma. Ulikuwa wembe wa kukunja, wa kizamani, wenye mpini wa pembe, umeviringishwa gome la mti.

"Mimi utaniletea tetenasi tu," alimwambia Abdulhamidi. "Chukua. Ukipona kutu, mtu wa kwanza kunyolewa niwe mimi."

Abdulhamidi aliupokea kwa mikono miwili. Maduka yalikuwa yamejaa tena siku hizo, sabuni za kunukia, redio, nguo za mitumba, na mlango wa tatu kutoka kwake vijana walikuwa wamefungua saluni yenye mashine ya umeme. Wateja walihamia huko. Waliobaki kwake walikuwa wazee, na hao nao, kwa kuogopa ugonjwa uliokuwa ukimaliza watu, walikuja kila mmoja na kiwembe chake mfukoni. Lakini shavu lililonyolewa kwa wembe wa kukunja, wembe uliochemshwa na kupitishwa kwenye spiriti mbele ya macho ya mteja, hakuna mashine iliyoweza kulifikia. Hicho ndicho alichotaka kuwaonyesha.

Aliung'oa msumari, akautenga ubapa na mpini, akauloweka kwenye mafuta ya taa. Kutu aliisugua kwa jivu na ndimu, kisha kwa msasa laini uliolowa maji, mpaka chuma kikaanza kurudisha uso wake. Kilichomshangaza ni makali. Hayakuliwa na kutu wala hayakuvunjika kwa kuanguka. Mtu aliyasugua juu ya jiwe makusudi, kwa nguvu na kwa subira, kutoka shinani hadi nchani, yakawa butu kama mgongo wa kisu. Abdulhamidi aliona uchungu kama aliyemkuta mnyama amekatwa miguu.

"Mshenzi gani huyu?" alisema peke yake.

Akatoa kinoo alichoachiwa na baba yake. Akanoa taratibu, ubapa umelala, mbele na nyuma, mbele na nyuma, akimaliza kwenye mkanda wa ngozi uliokuwa umening'inia ukutani. Siku alipouridhia, aliujaribu kwenye mkono wake mwenyewe. Vinyweleo vilianguka kabla ngozi haijahisi chochote. Akavipuliza bila kuvitazama. Wala hakujiuliza kwa nini mtu mwenye subira kiasi kile aliyaua makali yale.

Wiki haikuisha tangu anyolewe kwa wembe ule, Manase alirudi. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ninyoe kichwa, mzee. Chote."

"Kuna nini?"

"Kitinda mimba wangu. Homa ya siku moja tu. Ndiyo kwanza alikuwa anasimama."

Abdulhamidi alimnyoa kwa kiwembe alichokuja nacho, kama desturi ya wafiwa ilivyo. Alimpa pole.

Aliyefuata kunyolewa kwa wembe wa kukunja alikuwa Mwalimu Bonaventura, mstaafu, mpenda povu jingi na mazungumzo mengi. Ndevu zake zilikuwa fupi, za mvi. Kilichobaki kwenye kitambaa kilikuwa nywele ndefu za mwanamke, nyeupe, zenye mafuta ya mgando na harufu ya moshi wa jikoni. Abdulhamidi alikificha kitambaa mgongoni. Mwalimu aliporudi siku chache baadaye hakuwa na mazungumzo. "Nyoa yote, Abdulhamidi. Mke wangu, Mama Klara, ametuacha," alisema, akakaa kwenye kiti kama mtu aliyeangushwa hapo.

Ijumaa ile, akitoka msikitini jua likiwa utosini, Abdulhamidi alifika kwenye duka lake alilolifunga kwa kufuli akasikia, ndani, mkanda wa ngozi ukipigwa. Shap. Shap. Polepole, kama mtu asiye na haraka na kazi anayoipenda. Alifungua. Hapakuwa na mtu. Mkanda ulikuwa ukibembea, na chumba kizima, katikati ya kiangazi, kilinuka udongo mbichi uliochimbwa sasa hivi. Alisoma Ayatul Kursiyu mpaka sauti ikamkauka. Kisha akauviringisha wembe kwenye kitambaa, akautia kwenye sanduku la bati, akafunga.

Hapo zilikuwa zimebaki siku mbili aozeshe. Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, Kuluthumu, ambaye Abdulhamidi alimpa jina la marehemu mama yake mwenyewe. Mchumba alikuwa Abdulkadiri, dereva wa lori kutoka Iguguno, kijana wa maneno mengi na moyo mweupe. Alikuja dukani alasiri akiwa na wenzake wawili.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unataka nini hapa? Saluni si ile pale?"

"Bwana harusi hanyolewi na mashine kama kondoo. Nimekuja kwako."

"Kaka, fikiri vizuri," mmoja wa wenzake alisema. "Baba mkwe, halafu na wembe, halafu shingo yako!"

Wakacheka. Abdulhamidi naye alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hizo. Akachukua kiwembe kipya kwenye karatasi yake, akakipachika kwenye mpini wa kawaida wa chuma, akapaka povu, akaanza shavu la kulia huku akiwaza habari ya mchele na mbuzi na wageni watakaolala nyumbani, na mkono wake ukapita vizuri, vizuri kuliko siku zote, bila kukwama hata kwenye kona ya taya ambako kila kiwembe hukwama, na hapo ndipo uzuri wenyewe ulipomtisha, kwa sababu aliufahamu, na pua yake ikapata ule udongo mbichi, na kiganja chake kikahisi pembe mahali palipopaswa kuwa na chuma, na aliposhusha macho, huku mkono ukiendelea kunyoa bila kumngojea, aliuona wembe wa kukunja umefunguka kati ya vidole vyake, unang'aa, na sanduku la bati kule pembeni likiwa limefungwa vile vile, kufuli mahali pake.

Mkono ulisimama ulipomaliza, si kabla. Juu ya kitambaa ulikuwa umelala msuko mmoja mrefu, umelainika kwa mafuta ya nazi, umefungwa mwishoni kwa uzi wa buluu. Asubuhi ile ile alimwona mke wake, Maryam, akimfungia Kuluthumu uzi ule.

"Baba," Abdulkadiri alisema taratibu, "kuna nini?"

Abdulhamidi aliwatoa wale vijana wawili nje. Akamwonyesha Abdulkadiri ule msuko.

Kesho yake alfajiri lori la Abdulkadiri liliwashusha Issuna wote wanne, Abdulhamidi, Maryam, Kuluthumu na yeye. Manase aliwapeleka kwa shangazi yake, Bi Dorika, ambaye ndiye aliyebaki katika ukoo kutibu mambo ya namna hiyo. Walimkuta akipiga vichwa vya alizeti kwa fimbo. Wembe ulipowekwa mbele yake aliacha kupiga.

"Nani aliunoa?"

"Mimi, mama."

"Nani alikutuma?"

"Huu ulikuwa wa babu yangu," Bi Dorika alisema. "Aliwanyolea wafiwa. Ikaja njaa ile baada ya vita vya Wadachi, watu wakaisha, na yeye akanyoa kila nyumba, kutwa kucha. Kitu kikaingia katika chuma hiki, kikazoea misiba. Njaa ilipokwisha chenyewe hakikukubali. Kikaanza kunyoa kwanza, maiti afuate. Ukinyolewa nao hufi wewe. Anakufa wako. Tukayaua makali, tukaukandika ukutani."

"Kitu gani hicho, bibi?" Maryam alinong'ona. "Jini?"

"Ninyi wa mjini mkiite hivyo. Sisi hatukukipa jina, kisije kikaitika."

Manase aliinama, mikono kichwani. "Ukuta nimeubomoa mimi," alisema. "Nimempelekea mimi. Na nikasema niwe wa kwanza." Hakuna aliyeweza kumtazama.

"Mwanangu huyu hajafa," Abdulhamidi alisema. "Yupo hapa, anapumua. Niambie la kufanya."

"Msiba ulioagizwa haurudishwi," Bi Dorika alimjibu. "Ila unaweza kudanganywa kwamba umeshafika."

Mchana ule, juani, walimfanyia Kuluthumu matanga. Alilazwa chini, akafunikwa shuka nyeupe gubigubi. Wanawake wa Issuna walilia, mwanzo kwa kuigiza, kisha kweli, maana kila mmoja alikuwa na wake wa kumlilia, na Maryam alilia mpaka ikabidi ashikwe. Bi Dorika aliwanyoa vichwa Abdulkadiri na Abdulhamidi kwa kiwembe kipya. Akaukata kichwani mwa Kuluthumu msuko wenye uzi wa buluu, akaulaza kwenye shimo dogo kati ya majabali. Kisha akamkabidhi Abdulhamidi wembe.

"Wewe uliyeuamsha. Uue."

Alipiga magoti, akayasugua juu ya jabali makali yale aliyoyatafuta kwa siku nyingi. Chuma kilipiga ukelele mwembamba, si wa chuma, wa mtu anayeamshwa kwa nguvu, na kadiri alivyosugua ndivyo ulivyoshuka ukawa kukoroma, na mpini ukapata joto mkononi mwake mpaka akauma midomo, na upepo ukasimama, na kuku wakanyamaza, akasugua huku jasho likimwingia machoni, asijue tena kama kinachokoroma ni kile au ni yeye. Kisha kukawa kimya. Wembe ukafukiwa pamoja na msuko, Manase na Abdulkadiri wakavingirisha jiwe juu.

"Aliyezikwa hapa ni Kuluthumu," alisema Bi Dorika. "Huyu binti apewe jina jingine. Watu wengine wakikosea wakamwita la zamani, si kitu. Ila wewe" — akamwelekezea Abdulhamidi fimbo yake ya alizeti — "mkono wako ndio uliokiamsha, na sauti yako kinaijua. Siku utakayomwita kwa jina lile, naye akakuitikia, kitajua kwamba hakikupewa maiti."

Harusi ilifungwa siku yake. Wageni walinong'ona juu ya bwana harusi mwenye upara mpya, na shehe aliambiwa kwamba jina la binti limebadilishwa kwa ajili ya maradhi, jambo ambalo watu wa mji hawakuliona geni. Abdulhamidi alimwozesha akimwita Hanifa. Kila herufi aliiona ngeni mdomoni. Binti akahamia Iguguno na mumewe, akanenepa, akapendwa. Alipokuja kuwasalimia wazazi wake, Abdulhamidi alimwita "mwanangu," akaishia hapo. Wembe wa kukunja hakuushika tena. Harufu ya udongo haikurudi. Ila alfajiri, akiwa bado hajaamka sawasawa, jina lile lilimpanda kooni, naye akalimeza.

Baada ya mvua za pili tangu harusi walipata habari kwamba Hanifa amejifungua mtoto wa kike. Siku ya saba Abdulhamidi na Maryam walikwenda Iguguno kwa ajili ya akika, na kwa heshima ya ufundi wake wakamwomba babu amnyoe mtoto nywele za kwanza. Abdulkadiri alikuwa safarini na lori. Maryam alikuwa uani kwenye masufuria. Mama mtoto alikuwa chumbani, nyuma ya pazia, bado yumo kwenye arobaini ya uzazi. Sebuleni walijaa wanawake, na mama yake Abdulkadiri ndiye aliyemweka mtoto mapajani mwa Abdulhamidi, juu ya kitambaa cheupe.

"Haya, mkwe," alisema, uso umejaa furaha. "Jina ni haki yangu mimi bibi mzaa baba, nami nimeona nikuheshimu wewe. Tumempa la marehemu mama yako. Jina zuri vile, liachwe lipotee? Mama yake bado hatujamwambia, tulitaka alisikie kwako. Mwite basi."

Abdulhamidi alifungua mdomo ili akatae. Angesema tusome dua kwanza, angesema chochote. Mtoto akafumbua macho. Alikuwa na paji la uso la mama yake Abdulhamidi, na kidevu cha yule binti ambaye kwa miaka miwili hakumwita, na jina lile lililomezwa kila alfajiri likapanda, likapita, likatoka.

"Kuluthumu," alisema.

"Abee, baba!"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia, upesi, changa, yenye furaha, sauti ya mtu aliyelisubiri jina lake siku zote zile.

Wanawake walipiga vigelegele. "Nyoa, babu, nyoa!" Mkononi mwake kulikuwa na kiwembe kipya kabisa, alichokitoa kwenye karatasi mbele yao. Alitaka kukitupa. Mkono haukumngojea. Ulipita juu ya utosi wa mtoto, mwepesi, bila kukwama, na chumba kikanuka udongo mbichi, na juu ya kitambaa cheupe ukaanguka msuko mmoja mrefu, umelainika kwa mafuta ya nazi, umefungwa mwishoni kwa uzi wa buluu.

Vigelegele vilikwisha. Abdulhamidi alitega sikio kwenye pazia.